Nati ya Pedali ya Kushoto

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 12 Oktoba.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijaweka neno lingine nataka kujua umeamkaje. Mkono unaendeleaje? Ngozi mpya imefunga au bado inatoa maji? Na kile kikohozi cha moshi, bado kinakukaba ukilala chali? Unijibu yote moja moja. Usiniambie "naendelea vizuri" kama unavyosema kwenye simu, maana "naendelea vizuri" yako naijua tangu una miaka sita, ulipovunjika kidole ukatembea na mkono mfukoni siku mbili.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba yako mzima, anapaka rangi ya mafuta kwenye korido za shule, na akirudi ananuka tapentaini hadi kwenye mto wa kulalia. Bibi yako mzima, ila sikio la kulia nalo limeanza kufunga mlango kama mwenzake. Nikimwambia mjukuu wako anakusalimia, ananijibu ameshakula. Dada yako mzima, bado anapiga pasi kule kwa dobi. Shemeji yako mzima na anakoroma kama kawaida, ukuta ndio shahidi. Pacha wao wazima, wameng'oka meno ya mbele wiki moja wote wawili, wakicheka utadhani milango iliyosahauliwa wazi. Jirani muuza mkaa anakusalimu, anasema upone haraka urudi umfukuzie panya. Mama yako mdogo mpe mkono wangu, mwambie sina cha kumlipa kwa kukuuguza.

Nadhani umeona kuna mtu sijamtaja, jirani yetu fundi baiskeli. Spoki. Kila nikipiga simu alikuwa ananiambia, "Msalimie sana kijana, mama." Wiki hii hakunituma salamu. Kwa nini hakunituma ndiyo sababu ya barua hii, na nakuomba uisome ukiwa peke yako, na uimalize ndipo unikasirikie.

Naiandika mwenyewe. Darasa la nne nililoishia ndilo hili unaloliona, mistari inapanda na kushuka kama hiyo milima yako. Dada yako alitaka aniandikie nikakataa. Kwenye simu nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nikalia, ukadhani nalilia mkono wako. Mara ya pili nikaishia kukuuliza kama umekula. Mara ya tatu nilisema "mwanangu, nina neno," ukasema "sema mama," nikakuambia bei ya sabuni imepanda. Basi nimeona karatasi haina macho, labda hii nitaweza kuitazama.

Mwanangu, Spoki hakusahau kukaza nati ya baiskeli yako. Aliikaza. Aliyeilegeza ni mimi mama yako.

Nimeacha kalamu nikaenda kunywa maji, sasa nimerudi. Nitakueleza yote, tena nitayaeleza yalivyokuwa, sitayapaka rangi. Mwenye kupaka rangi humu ndani ni baba yako tu.

Unakumbuka hali ilivyokuwa wiki ile. Nyasi za milimani zimekauka hadi zinalia zikikanyagwa. Redio asubuhi ni moto, jioni ni moto, mara umeruka barabara, mara umeshuka bondeni. Majivu yalikuwa yanafika mpaka kwenye kamba yetu ya nguo. Nilianua shuka jeupe limejaa madoa kama yai la kware, nikakuletea ulione, nikasema ahirisha hata wiki moja. Ukacheka, ukaniambia, "Mama, moto hauna baiskeli, utanifikiaje?" Nikakuambia, "Na wewe huna mabawa." Baba yako akasema nikuache, mtu mzima wewe, safari ya siku nane umeipangia miaka miwili. Nikanyamaza mdomo. Moyo haukunyamaza.

Jumamosi mchana ulitoka kwa Spoki na baiskeli imeng'aa, ukaiegemeza ukutani karibu na cherehani yangu, ukaenda na mwenzako yule mwalimu wa hesabu kumuaga bibi. Spoki alikuwa ameingia ndani kula, nami nilikuwa na spana mkononi. Mguu mmoja wa cherehani ulikuwa unacheza, ndiyo nilikuwa naukaza. Nikainua macho nikaiona pedali yako.

Sasa sikiliza ujinga wa mama yako. Cherehani nimeikanyaga miaka ishirini na sita. Ukitaka kujaza uzi kwenye bobini, unalegeza ile nati ya katikati ya gurudumu. Hapo utakanyaga weee, gurudumu litazunguka bure na sindano imesimama tuli. Haiharibiki kitu. Ukikaza tena, inashona kama zamani. Nikajiambia, pedali ni pedali. Nikilegeza nati ya katikati, asubuhi atakanyaga na miguu itazunguka bure, baiskeli haitatoka hata mlangoni. Jumapili Spoki hafungui. Itabidi umngoje mpaka Jumatatu, na redio ilisema Jumatatu huenda wakaifunga barabara ya mlimani. Siku moja tu ndiyo nilitaka kukuibia. Nilidhani nasimamisha sindano.

Nikabandua kile kifuniko cheusi kwa kucha. Ndani juu ya nati kulikuwa na kimstari chekundu, kimeanza kwenye nati kikavuka hadi kwenye chuma cha pembeni. Sikujua ni cha kazi gani. Spana ikaingia sawasawa, kama imetengenezewa. Nilipozungusha, kimstari kikakatika, nusu ikabaki huku, nusu ikaenda na nati. Nikaizungusha mpaka ikawa inacheza kwa vidole, nikarudisha kifuniko. Uliporudi ukaniona na spana, ukaniuliza nafanya nini. Nikasema, "Nakaza cherehani." Ukasema, "Mama fundi wewe!" Neno hilo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha chini ya meza.

Asubuhi nilisimama mlangoni nangoja ukwame. Watu wote wako nje, muuza mkaa anapiga makofi, baba yako anahangaika na simu akupige picha, mwalimu anakuhimiza. Ukapanda. Ukakanyaga. Ikaenda, mwanangu. Ikaenda kama siku zote. Nikafungua mdomo niseme, Mungu ni shahidi wangu, maneno yalifika hapa kwenye meno. Nikawaona watu wote wale, nikaona watakavyonicheka, mama mzima amechokonoa baiskeli ya mwanawe kama mtoto. Kilichotoka ni, "Umebeba maji?" Ukajibu, "Nimebeba, mama!" ukaishia kwenye kona.

Ningeweza kukimbia. Ningeweza kupiga simu, na simu ilikuwa shingoni kwangu na kamba yake. Kila jioni ulipopiga ukisema leo tumepanda hivi, leo tumelala kwenye kambi ya wakata magogo, nilijiambia chuma kimejishika chenyewe, na Mungu hakutaka nikuzuie, basi liishe. Sikulisema kwa sababu ya haya. Haya ya dakika moja niliyoikimbia mlangoni imenizalia haya ya maisha.

Siku ya tano unaijua wewe. Mimi naijua kwa maneno yako tu ya pale hospitali, lakini naiona kuliko ninavyoiona sindano mbele yangu. Duka la mwisho mmelipita, mwenzako yuko mbele, wewe unapandisha mlima. Pedali ikachomoka na mkono wake wote, ikabaki kwenye kiatu chako. Ukajaribu kuipachika kwa jiwe, tundu limeshalika. Ukasukuma. Kisha upepo ukageuka, ukasikia mlio ukadhani ni lori. Ukaitupa baiskeli, ukaingia ndani ya kalvati chini ya barabara, ukajifunika uso kwa fulana uliyoilowesha kwa maji ya chupa. Mkono ulioungua ulikuwa nje, ukizuia mifuko ya safari uliyozibia mdomo wa kalvati. Wajenzi wa barabara waliokutoa na lori lao la mchanga, sijui nyuso zao, nawaombea kila siku.

Nilitaka ubaki mzima. Nikakupeleka kwenye moto kwa spana yangu mwenyewe.

Najua sasa utauliza kama kweli, au mama anamtetea jirani. Basi nikupe ushahidi. Wewe hujawahi kuniambia ni pedali ya upande gani iliyochomoka. Hata kwenye ile sauti uliyowatumia waendesha baiskeli hukutaja upande. Ni ya kushoto. Upande wa mnyororo, ule wa kulia, ulikuwa umegeukia ukuta.

Hiyo sauti yako, mwanangu, sikulaumu. Ulikuwa umefungwa bendeji na una maumivu. Ulisema, "Spoki nati zake anakaza kwa mdomo. Msimpelekee baiskeli, atawaua." Siku mbili tu ilikuwa imezunguka kila simu. Jumamosi iliyofuata kibarazani kwake, palipokuwa panajaa watu wa kupuliza matairi na kutaniana, alikaa mwenyewe na pampu yake. Kisha baba yako akaja na ndoo ya rangi mkononi, akamfokea mbele za watu, "Mikono hiyo kauzie karanga!" Mimi nilikuwa hatua sita kutoka hapo, nashona zipu. Sikuinua kichwa. Zipu ile niliishona kichwa chini miguu juu, mwenye suruali akairudisha.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma nikampelekea jirani sahani yote.

Spoki hakujibizana na mtu. Na hilo ndilo limenimaliza. Hakusema "si mimi." Alianza kujishuku mwenyewe. Akawa akikaza nati anairudia mara tatu, mara nne, anakwenda, anarudi. Halafu akaacha kupokea kazi za breki, akabaki kuziba pancha tu. Siku moja akanijia na kigoda chake, akaniuliza, "Mama, hivi Jumamosi ile uliniona nikoje? Nilikuwa nimechoka? Nilikuwa na haraka?" Nikamwambia sikumwangalia. Mwanangu, kibarazani kwake na kibarazani kwangu ni kibaraza kimoja.

Mke wake akampeleka kwa daktari wa macho. Wakampima, wakakuta macho mazima kama ya paka. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alirudi akakaa hapa kwangu, akasema, "Kama si macho, basi ni kichwa, mama." Akaniambia ameamua kurudisha kibanda kwa mwenyewe. Ameshapata kibarua cha kubeba mifuko kwenye ghala la saruji. "Kule ukikosea," akasema, "mguu unaoumia ni wako." Ijumaa hii inayokuja ndiyo anakabidhi funguo.

Hapo nikashindwa. Alhamisi iliyopita nilikwenda na spana yangu mkononi. Alikuwa anapanga vifaa kwenye boksi, anafunga kila kimoja kwa gazeti kama vikombe. Nilikuwa nimejipangia maneno, yakapotea yote. Nikamwambia, "Spoki, ile nati niliilegeza mimi. Kwa hii."

Akaniangalia. Akaniuliza, "Uligeuza upande gani?" Nikamwonyesha kwa mkono. "Ilikuwa ngumu?" Nikasema ilikuwa ngumu, nilitumia mikono miwili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Chini ya kifuniko uliona kitu?" Nikamwambia niliona kimstari chekundu, kimevuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, na kilikatika nilipozungusha.

Kumbe, mwanangu, ile ni rangi ya kucha ya mke wake. Kila nati anayoimaliza anaichora mstari, ili siku ikisogea yenyewe, ajue. Wiki saba alikuwa anajiuliza kama ya kwako aliichora, hakumbuki.

Akakaa chini palepale sakafuni, kati ya magazeti. Akasema, "Basi nilichora." Akarudia tena, "Basi nilichora." Na machozi yakawa yanamtoka na anacheka. Nilingoja anitukane, nilikwenda pale nimejiandaa kutukanwa. Alichoniambia ni, "Ila mama, baiskeli si cherehani." Nikasema, "Nimeshajua." Akasema, "Umejua kwa gharama." Kisha akanigeuzia mgongo, akafuta vifaa, na sikuona kama nilitakiwa kuendelea kukaa.

Jioni alikuja kuniomba nisiwaambie watu. Anasema nikisema, hakuna atakayeniletea nguo. Anasema anatosheka kujua yeye. Fikiria mtu huyo. Nimemfanya abebe dhambi yangu wiki saba, na sasa anataka aendelee kuibeba ili mimi nishone.

Sikumsikiliza. Baba yako nilimwambia jioni ileile. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Asubuhi kabla ya chai alikwenda kwa Spoki, sijui walisema nini, akarudi akaanza kukwangua rangi kwenye mlango usiokuwa na ubaya wowote. Tangu hapo maneno yetu ni "lete" na "toa." Jana nikawafuata wale waendesha baiskeli wenzako wanapokutana, nikasema mbele yao ni mimi. Unajua walifanya nini? Walicheka. Yule mnene akasema, "Mama, wewe na spana wapi na wapi!" Mwingine akasema, "Mama ana huruma jamani, anamwokoa jirani. Shona mama, baiskeli tuachie." Nikawaapia. Wakanipa soda.

Kwa hiyo nimekwama. Nilipokuwa na uongo niliaminiwa, sasa nina ukweli napewa soda. Wao wanakuamini wewe. Sauti iliyomwangusha Spoki ni yako, na hakuna sauti nyingine itakayomwinua.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Hilo ni la siku nyingine, na hata ukiona huwezi nitaelewa, mkono ni wako na ndoto ilikuwa yako. Nikikumbuka nilivyokaa kando ya simu nikikuacha umlaani mtu asiye na kosa, naona hata jina la mama nimelivaa kama nguo ya mteja. Lakini nipigie kelele, niulize chochote, nitajibu. Ukinyamaza ndipo nitakufa.

Baba yako anakusalimu, ingawa hajui naandika saa hizi. Bibi yako anakupa baraka zake zote za mkono wa kulia. Dada yako, shemeji na pacha wanakusalimu. Mama yako mdogo ukitaka msomee, usinifichie. Mungu aliyekufunika ndani ya lile kalvati akufunike na hapo ulipo, akurudishie nguvu za vidole kimoja kimoja, na asikulipize ya mama yako.

Barua hii nampa dereva wa basi kesho alfajiri. Ameniahidi Jumatano utakuwa nayo. Namba ya Spoki nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa tarakimu kubwa. Ukimaliza kusoma, nakuomba sana mwanangu, usinipigie mimi. Mpigie yeye kwanza, halafu wenzako, siku hiyohiyo, Ijumaa isifike. Mimi nitakaa na simu nikingoja zamu yangu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye na kukuonea haya.